Mitaala ya ualimu nchini: Kati ya maadili ya jadi na mikondo ya kimataifa

Kila mara serikali inapotangaza mageuzi katika mafunzo ya walimu, mjadala hugawanyika pande mbili. Upande mmoja hulalamika kuwa tunaiga ya kigeni na kuyatupa maadili tuliyorithi kutoka kwa wazee wetu. Upande wa pili hushikilia kwamba mwalimu asiyefikia viwango vya kimataifa huwadhulumu wanafunzi wake, kwa kuwa watakaposhindana na wenzao wa mataifa mengine watakuwa wameachwa nyuma. Mabishano hayo yalisikika wakati wa Kamati ya Gachathi mwaka 1976, yakasikika mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, na yamesikika tena tangu Mtaala wa Umilisi (CBC) uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019.

Makala haya yanaangazia safari ya mafunzo ya ualimu nchini Kenya kwa muda wa takriban karne moja. Safari hiyo inadhihirisha jambo ambalo pande zote mbili za mjadala hulifumbia macho. Mara kadhaa, kilichoitwa mila za Mwafrika kililetwa na wageni, ilhali kilichoshutumiwa kuwa cha kigeni kiliagizwa na wenyeji wenyewe na kugharimiwa kwa jasho lao. Kwa hivyo swali la ni nani aliyechagua limekuwa na uzito mkubwa kuliko swali la jambo limetoka wapi.

Walimu kabla ya vyuo

Dai kwamba mafunzo ya ualimu yaliletwa na wamishonari ni kweli kwa upande wa majengo na vyeti tu. Katika jamii nyingi walikuwapo watu waliopewa idhini maalum ya kuwafunza wengine, na idhini hiyo haikutolewa ovyo ovyo. Katika mwambao wa pwani, mwari alikabidhiwa kungwi, mwanamke mtu mzima aliyeyapitia mambo mwenyewe na kuaminiwa na jamaa. Fundi wa majahazi au wa kuchonga milango alimpokea mwanagenzi akafanya kazi naye kwa miaka, na kijana huyo hakuhesabiwa kuwa fundi mpaka mkono wake ukubalike na waliomtangulia. Vivyo hivyo, katika masomo ya dini ya Kiislamu mwanafunzi aliyebobea alipewa ijaza na shehe wake, yaani ruhusa ya kufundisha kitabu alichokisoma mbele yake. Ijaza ilibeba jina la shehe huyo pamoja na majina ya mashehe waliomtangulia, hivi kwamba aliyeipokea alijua ni heshima ya nani atakayoivunja akifundisha vibaya. Huko Lamu, chuo cha Msikiti wa Riyadha kilichoasisiwa na Habib Swaleh kimewatoa walimu wa namna hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichochapishwa mwaka 1938, alitenga sura nzima kueleza jinsi Wagikuyu walivyowaelimisha watoto wao. Hoja yake kuu ni kwamba elimu hiyo ilitanguliza mahusiano baina ya watu, na maarifa kuhusu vitu yakafuata. Inafaa kukumbuka kuwa hoja hiyo ya kutetea jadi iliandikwa jijini London, chini ya usimamizi wa Bronislaw Malinowski, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland.

Hata hivyo, si busara kuipamba elimu ya jadi kupita kiasi. Iliwatenga wasichana na wavulana katika mambo mengi ambayo leo tunayaona ni haki ya wote. Baadhi ya jamii ziliifungamanisha na ukeketaji, tendo ambalo sheria ya mwaka 2011 imelipiga marufuku nchini. Anayetaka kuyaingiza maadili ya jadi katika chuo cha ualimu hana budi kuchagua ni yapi, na mara tu anapochagua, tayari ameanza kurekebisha mtaala.

Kabete na Githunguri

Mnamo mwaka 1924 tume iliyotumwa na wakfu wa Phelps-Stokes wa New York ilizuru Afrika Mashariki. Kiongozi wake, Thomas Jesse Jones, alikuwa amewahi kufundisha katika taasisi ya Hampton, jimboni Virginia, iliyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliokombolewa kutoka utumwani. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo James Aggrey, msomi mashuhuri wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume hiyo ilipendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifungamanishwe na maisha yake ya kijijini: afya, kilimo, kazi za mikono na utunzaji wa nyumba. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza nayo ikatoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika, ukisisitiza kuwa elimu ilinganishwe na desturi na kazi za wenyeji.

Mwaka huo huo shule ya Jeanes ilianzishwa Kabete. Jina hilo lilitokana na Anna Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule za watu weusi kusini mwa Marekani. Shirika la Carnegie lilisaidia kuigharimia, naye James Dougall, aliyekuwa katibu wa tume ile, akawa mwalimu mkuu wa kwanza.

Mpango wa Kabete ulikuwa na mengi ya kusifiwa. Mwalimu alifika pale pamoja na mkewe na watoto wake, wakaishi katika nyumba za kijiji cha mfano. Mume alijifunza jinsi ya kuboresha ufundishaji na kilimo, mke akajifunza malezi na afya. Baada ya mafunzo, mwalimu huyo alirudi mashambani kuzungukia shule ndogo ndogo na kuwasaidia walimu wenzake, badala ya kufungiwa katika darasa moja. Wataalamu wa elimu wa leo, wanaohubiri kuwa mwalimu afuatwe na kushauriwa akiwa kazini, wangeuona mpango huo kuwa wa kisasa kabisa.

Mbona basi haukupendwa? Waafrika wengi waliona kilichofichwa nyuma ya pazia. Watoto wa walowezi walisomeshwa mtaala wa Uingereza uliowapeleka hadi vyuo vikuu. Mwafrika aliambiwa kuwa elimu inayomfaa ni ya jembe, nyundo na usafi wa choo, na kwamba hiyo ndiyo inayoheshimu mila zake. Mpango wenyewe uliundwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani katika nchi nyingine, kwa kuchukulia kuwa nafasi yao ingeendelea kuwa shambani na karakanani. Neno mila liligeuzwa kuwa ukuta wa kuwazuia watu wasiende mbali. Wazazi walipodai Kiingereza na hesabu, hawakuwa wakizidharau jadi zao. Walikuwa wakikataa kuchaguliwa.

Jibu lao lilijengwa Githunguri, Kiambu. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 baina ya makanisa na Wagikuyu kuhusu tohara ya wasichana, wazazi wengi waliwaondoa watoto wao katika shule za misheni na kuanzisha shule huru, ambazo baadaye ziliungana chini ya vyama vya KISA na Karing'a. Shule zikaongezeka, lakini walimu wakakosekana. Januari 1939 chuo cha ualimu, kilichoitwa Kenya Teachers' College, kikafunguliwa chini ya uongozi wa Peter Mbiyu Koinange.

Fedha za kukijenga hazikutoka New York. Marika, yaani makundi ya watu waliotahiriwa pamoja, yalishindana katika kuchanga, na wanawake wakachanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Mfumo wa rika, ambao ulikuwa uti wa mgongo wa jamii ya Kigikuyu, ndio uliotumika kujenga chuo cha kufundisha elimu ya kisasa. La kushangaza zaidi ni kwamba Koinange mwenyewe alikuwa amesoma Hampton, chemchemi ile ile ya mpango wa Kabete, kisha akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan na uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia. Aliijua elimu ya Marekani kuliko wakoloni waliokuwa wakiinadi. Alichukua alichoona kinafaa na kukileta kwa watu waliokiomba.

Jomo Kenyatta alikishika chuo hicho baada ya kurejea kutoka Uingereza mwaka 1946. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilikifunga, na mahali hapo pakageuzwa kuwa pa kuwanyongea wafungwa. Shule ya Jeanes kwa upande wake iliendelea kubadilika hadi ikawa Taasisi ya Utawala ya Kenya mwaka 1961, na leo ni Chuo cha Mafunzo ya Serikali. Hivyo basi, katika kilima kimoja mkoloni alijenga jadi, na katika kilima kingine wenyeji wakajenga usasa, na mkoloni akaubomoa.

Mbinu mpya, walimu wale wale

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka elimu ijenge umoja wa taifa na kuheshimu tamaduni za Wakenya. Hata hivyo, tume hiyo hiyo iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, mtindo uliokuwa umeanza kujaribiwa jijini Nairobi mwaka 1957 katika shule za watoto wa Kiasia. Mtindo huo ulitumia nyimbo, mazungumzo na kazi za vikundi. Ulifaulu pale walimu walipoandaliwa vyema na kutembelewa mara kwa mara. Uliposambazwa haraka kwa maelfu ya madarasa yenye walimu waliopata mafunzo ya muda mfupi, au wasiopata kabisa, matokeo yakawa haba.

Kisa cha hisabati mpya kilikuwa cha aina hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vilivyofuata mageuzi ya hisabati yaliyokuwa yamepamba moto Marekani. Watoto wakafundishwa nadharia ya seti kabla ya kumudu kugawanya. Wazazi hawakuelewa walichokuwa wakisoma watoto wao, na walimu wengi hawakukielewa pia. Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu kitaaluma, aliamuru hisabati hiyo iondolewe shuleni.

Hisabati ile haikuwa na kosa kwa kuwa ya kigeni. Hesabu zote tunazofundisha zilitoka mahali fulani, na tarakimu zenyewe zilisafiri kutoka India kupitia kwa Waarabu. Ilianguka kwa sababu mwalimu aliipokea mwisho, baada ya kitabu kuchapishwa na mtihani kutungwa.

Mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na shirika la JICA la Japani, ulijitahidi kukwepa mtego huo. Walengwa walikuwa walimu wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, waliokuwa kazini tayari. Mwalimu alihimizwa kumpa mwanafunzi kazi ya kutenda, kufanya majaribio, na kubuni vifaa kutokana na vitu vinavyopatikana karibu badala ya kungojea maabara. Nyuma ya mradi kulikuwa na desturi ya walimu wa Japani ya kuandaa somo pamoja, kumtazama mwenzao akilifundisha, kisha kulijadili. Desturi hiyo haikuwa ngeni sana kwa jamii iliyozoea wazee kuketi chini ya mti na kulipima neno kabla ya kulipitisha. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kilichotokana na mradi huo, kingali kinawafunza walimu hata baada ya ufadhili wa Japani kupungua, jambo ambalo miradi mingi ya wafadhili haijaweza kulifanya.

Maadili yakageuzwa somo

Kamati ya Gachathi ilihofia kwamba shule zilikuwa zikizalisha vijana wenye vyeti na wasio na utu. Ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, na maadili ya kijamii yafundishwe. Kutokana na fikra hizo somo la Elimu ya Jamii na Maadili liliingizwa katika shule za sekondari miaka ya 1980, na vyuo vikalazimika kuwaandaa walimu wa kulifundisha. Wakati huo huo falsafa ya Nyayo, yenye nguzo za amani, upendo na umoja, ilihubiriwa kila mahali, vyuo vya ualimu vikiwemo. Somo la maadili baadaye liliondolewa katika mageuzi ya kupunguza mzigo wa masomo, na Nyayo ikaondoka na utawala wake.

Kasoro haikuwa katika maadili yenyewe. Nani atapinga amani na upendo? Kasoro ilikuwa kwamba yaligeuzwa kuwa orodha ya kukariri na kujibia mtihani. Mwanafunzi aliweza kupata alama zote katika swali la uaminifu huku akimwibia mwenzake majibu.

Mtaala wa Umilisi nao umeorodhesha maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Tofauti ni kwamba safari hii hayakufanywa somo la pekee, bali yanapaswa kupenyezwa katika kila somo. Wazo hili ni zuri, na kwa kweli ndilo linalokaribiana zaidi na elimu ya jadi, ambayo haikuwa na kipindi cha adabu saa nne asubuhi. Ugumu wake ni kwamba linamtegemea mwalimu kabisa. Mwalimu wa hisabati atapenyezaje haki ya kijamii katika somo la sehemu, ikiwa chuoni alifundishwa maadili kwa kuyanakili kutoka ubaoni?

Mfano unaochoma zaidi ni ule wa kiboko. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaimarisha katazo hilo. Bado wako walimu na wazazi wanaoitetea wakisema kwamba mila zetu ndizo zinazoidai, na kwamba haki za watoto ni fikra za Wazungu. Ni kweli kuwa wazazi wa kale waliwachapa watoto. Lakini adhabu ile ya kupanga wanafunzi mstarini, kuhesabu viboko na kuviandika daftarini ni urithi wa shule ya Kiingereza, iliyokuja na kengele na sare. Mwanachuo anayefundishwa kwamba kiboko kimeharamishwa na sheria, pasipo kufundishwa njia nyingine ya kulituliza darasa la wanafunzi sabini, ataurudia ule aliofanyiwa yeye.

Mfano wa Mombasa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimweleza Aga Khan kwamba watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma kielimu. Wazazi wengi walitaka watoto waanze na chuo cha Kurani, ilhali shule za msingi zilitaka watoto waliopitia chekechea. Mwaka 1986 chekechea ya kwanza ya mpango wa Madrasa ilifunguliwa Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa walioupa mpango huo umbo lake.

Mtaala uliotumika ulichanganya mambo mawili. Kutoka Marekani ulichukua mbinu ya HighScope, iliyokuzwa huko Michigan, ambapo mtoto hupanga atakachofanya, hukifanya, kisha hueleza alichofanya. Kutoka mwambao ulichukua lugha, nyimbo, hadithi, adabu na mafunzo ya dini. Badala ya vitu vya kuchezea vya dukani, walitumia vifuu vya nazi, makombe ya baharini, mbegu na vitambaa. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa wenyewe, wengi wao wakiwa na kisomo kidogo, waliochaguliwa kwa ushirikiano na jamii. Walifunzwa kwa muda mfupi, kisha wakatembelewa darasani na wakufunzi kwa miaka kadhaa. Wazazi na wazee wa msikiti ndio waliosimamia shule.

Mpango ulienea Zanzibar na Uganda, na hatimaye ukafikia zaidi ya jamii 200 katika nchi hizo tatu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto waliosoma humo walipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko wenzao wa chekechea nyingine, na kuliko wale waliobaki nyumbani.

Mtu anaweza kuuliza: je, mpango huo ulikuwa wa jadi au wa kigeni? Wazazi wa Mombasa hawakushughulishwa na swali hilo. Walijua ni wao walioomba, na walikuwa na uwezo wa kusema hapana. Walimu nao hawakupewa mbinu kwenye karatasi na kuachwa. Kazi yao ilitazamwa, wakasahihishwa, wakajaribu tena, kama anavyofanyiwa mwanagenzi wa jahazi. Kati ya mifano yote ya karne iliyopita, huu ndio unaopasa kusomwa kwa makini na wanaotunga mitaala ya vyuo vyetu, ingawa ulihusu watoto wadogo na aghalabu huachwa nje ya mazungumzo ya ualimu wa shule za msingi.

Diploma mpya na maswali yake

Mabadiliko makubwa zaidi ya miaka ya hivi karibuni yalianza mwaka 2021, vyuo vya umma vilipowapokea wanachuo wa kwanza wa diploma ya miaka mitatu ya ualimu wa shule za msingi. Diploma hiyo ilichukua nafasi ya cheti cha P1 cha miaka miwili. Kiwango cha kujiunga kikawekwa kuwa wastani wa C katika mtihani wa KCSE. Mfumo wa elimu uliotolewa mwaka 2017 na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Nchini (KICD), ambao ndio msingi wa mabadiliko haya, umejengwa juu ya nadharia za Dewey, Vygotsky, Piaget, Bruner, Erikson na Gardner. Wote hao ni wasomi wa Ulaya na Marekani. Si dhambi kuwasoma. Vygotsky, kwa mfano, alieleza jinsi mtoto anavyojifunza kwa kusaidiwa na anayejua zaidi mpaka aweze peke yake. Mkufunzi mwerevu angeweza kulieleza wazo hilo katika dakika tano kwa kumtaja fundi na mwanagenzi wake, na wanachuo wakalielewa maisha yao yote.

Kwa walimu waliokuwa kazini tayari, mambo yalikwenda mbio. Wengi walipewa mafunzo ya siku chache wakati wa likizo kabla ya kuanza kufundisha mtaala mpya. Chama cha walimu, KNUT, kilipinga utekelezaji huo, na Aprili 2019 baadhi ya vikao vya mafunzo vilivurugwa. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023 katika sekondari msingi, walimu walioandaliwa chuo kikuu kufundisha masomo mawili walijikuta wakikabidhiwa masomo ambayo hawakuyasomea. Jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu liliwasilisha ripoti yake mwaka huo, na masomo ya sekondari msingi yakapunguzwa hadi tisa.

Kwa miaka kadhaa pia walimu wa madarasa ya chini walikuwa wakitumia miongozo ya mradi wa Tusome, uliofadhiliwa na shirika la Marekani la USAID. Mwongozo huo ulimwonyesha mwalimu hatua kwa hatua cha kusema na cha kufanya katika kila kipindi cha Kiingereza na Kiswahili, huku maafisa wakimtembelea na vishikwambi kupima maendeleo ya watoto. Usomaji uliimarika, na ziara hizo zilichangia sana. Wakosoaji nao wakadai kuwa mwalimu aliyeandikiwa kila neno hugeuka kasuku. Dai hilo lina ukweli, ila linamwonea mwalimu mchanga ambaye bila mwongozo hangejua pa kuanzia. USAID ilifungwa mwaka 2025, na mzigo wa kuwatembelea walimu darasani sasa ni wa serikali ya Kenya peke yake.

Mvutano baina ya kiwango cha kimataifa na haja za nyumbani hauonekani wazi zaidi popote kuliko katika suala la alama za kujiunga na lugha. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitangaza kuwapunguzia alama wanafunzi kutoka kaunti kame waliotaka kusomea ualimu, na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ikapinga, ikisema taaluma itashushwa hadhi. Mwaka huo huo TSC ilikuwa imeanza kuwahamisha walimu mbali na maeneo yao ya nyumbani ili kukuza utangamano wa kitaifa, sera ambayo Bunge la Kitaifa lilitaka isitishwe mwaka 2022. Kaskazini Mashariki, mashambulizi ya Al-Shabaab yaliwafanya mamia ya walimu kutoka maeneo mengine kuondoka, na shule zikabaki na wachache wazawa wa huko.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza lugha za asili, na mtaala mpya umeziwekea nafasi tangu Gredi ya 1 hadi ya 3. Chuo cha ualimu, hata hivyo, huwakusanya wanachuo kutoka pembe zote za nchi na kuwafundisha takriban kila kitu kwa Kiingereza. Anayehitimu anaweza kuwa mzungumzaji stadi wa Kiborana au Kipokomo na asiwe amewahi hata mara moja kufundisha mtoto kusoma kwa lugha hiyo mbele ya mkufunzi anayeielewa. Kisha hupangiwa shule ambako lugha hiyo haizungumzwi. Kuwaalika chuoni wazee, malenga na wasimulizi wa eneo ili wasaidie kutathmini masomo hayo hakuhitaji mfadhili wa ng'ambo. Kunahitaji nauli yao, chakula cha mchana, na saini ya mwalimu mkuu wa chuo.